Winda la Bwana Nyani

— Mpo?
— Tupo!
— Mpo kwa masikio au kwa matumbo?
— Kwa masikio!
— Basi nawapa ngano, nipeni utulivu.
— Chukua!

Hapo kale, masika fulani mvua ilinyesha mpaka vyura wenyewe wakachoka nayo. Bi Nguchiro, mnyama mdogo mwenye miguu mifupi na macho ya haraka, alikuwa amejifungua mtoto. Akamwita Kidoti, maana jani moja la mkorosho lilitosha kumfunika mwili mzima.

Mvua haikatiki, mawinda hayakauki. Bi Nguchiro anafungua winda bichi, anafunga winda bichi. Makalio ya Kidoti yakawa mekundu, yakatoka vipele, yakachubuka. Ng'aa! Ng'aa! Mtoto hanyonyi, mtoto halali. Kisha kilio kikaanza kufifia, na hapo ndipo mama alipoogopa kweli.

Akamwendea Bwana Nyani. Huyu alikuwa na kifua kama mlango na meno ya kuvunjia nazi, kwacha! Alikuwa amekaa juu ya jabali, pahali pekee palipokuwa pakavu.

"Shikamoo Bwana Mkubwa. Naomba maji ya chemchemi nimwoshe mwanangu."

"Chemchemi yangu!"

"Basi naomba mafuta ya nazi kidogo, ya kidole tu."

"Nazi zangu! Mafuta yangu!"

"Basi nimlaze hapo jabalini, apate upepo."

"Jabali langu! Na upepo unaopita hapa ni wangu!"

Wanyama wote walikuwa wamekwisha kujibiwa maneno hayohayo. Bi Nguchiro akainama, akaondoka. Lakini alikuwa ameona jambo. Kila Nyani alipokwenda kichakani kujisaidia, alikwenda mbio na kurudi mbio, akihesabu nazi zake huku anahema.

Kesho yake akapita chini ya jabali, amebeba winda kubwa la magome ya miti, limepondwa likalainika, limeshonwa vizuri.

"Wewe! Umebeba nini?"

"Winda, Bwana Mkubwa. Mwanangu akivaa winda haendi kichakani. Anakula palepale, anajisaidia palepale, hakuna wa kumwibia chochote."

Nyani akatazama nazi zake. Akatazama kichaka. Akatazama winda.

"Hilo ni langu!"

"Lakini Bwana..."

"Langu, nimesema!"

Akalinyakua, akajifunga, kaza! Akakaa. Akala nazi, akakaa. Akanywa madafu, akakaa. Yaliyokuja yakaja, naye akakaa. Loo, alivyofurahi! Winda likalowa, likazidi kulowa, na Nyani halivui, maana akilivua atalazimika kuinuka.

Kisha akasikia kitu. Kwaru. Akajikuna kidogo. Kwaru, kwaru. Akajikuna sana. Kwaru-kwaru-kwaru!

"Mamaaa! Nawaka! Nguchiro! Njoo upesi, nakufa!"

Bi Nguchiro akaja, Kidoti mgongoni. Akachungulia, akashika kichwa.

"Pole Bwana Mkubwa. Ni upele wa winda. Dawa yake unayo mwenyewe: maji safi, upepo na mafuta ya nazi."

Nyani akakunja uso. "Unataka kunichoma kwa mafuta yangu! Mjaribie mtu mwingine kwanza, nione."

"Nani atakubali, Bwana? Mwanangu mwenyewe ni huyu, mdogo, mgonjwa..."

"Huyohuyo! Mlete hapa! Usibishe!"

Bi Nguchiro akahema kwa huzuni, kama aliyelazimishwa. Akapanda jabalini.

Akamvua Kidoti winda bichi, akalitupa mbali. Akateka maji ya chemchemi, akamwosha, chururu, chururu, bila kusugua. Akamkausha kwa kitambaa laini, anagusa na kuinua, anagusa na kuinua. Kisha akamlaza tumbo chini, makalio wazi, upepo ukampitia. Ngozi ilipokauka kabisa, akachovya kidole kwenye mafuta ya nazi, akampaka utando mwembamba kama ukungu.

Kidoti akalia, ng'aa! Akalia tena, ng'a... Akanyamaza. Akapiga mwayo mmoja mdogo, akalala.

Niambieni, mmewahi kusikia msitu ukinyamaza? Siku ile ulinyamaza. Wanyama walikuwa wametoka vichakani, wamesimama kulizunguka jabali, tembo na sungura bega kwa bega. Wote wanatazama kimgongo kile kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka. Siku nyingi walikisikia kilio tu, leo wanaona usingizi. Hakuna aliyethubutu kukohoa. Na Bwana Nyani, mwenye sauti ya radi, akaziba mdomo kwa mikono yote miwili asije akamwamsha. Machozi yakamtoka, wala hakujua kwa nini.

"Amelala," akanong'ona.

"Amelala," akajibu mama. Naye akaketi chini.

Kila winda lilipolowa, Bi Nguchiro alilivua mara moja, akamwosha, akamkausha, akampaka. Wekundu ukapungua, vipele vikanywea, Kidoti akanyonya mpaka akacheua.

Nyani naye akaanza dawa yake. Lakini ubwana ukamrudia. "Mimi si mtoto wa kuguswaguswa!" Akachukua kumbi la nazi, akajisugua, kwaruza, kwaruza! Makalio yakawa mekundu hadi leo. Hakuweza kukaa tena, na asiyekaa halindi jabali. Akina mama wakapanda na watoto wao, wakateka maji, wakachukua mafuta. Nyani akabaki amesimama pembeni, makalio wazi, akiwahesabu watoto waliolala na kuwanyamazisha wakubwa: "Shii! Shii!"

Basi wanangu, funzo ni hili: kuweni wachoyo! Nyani asingekuwa mchoyo, nani angekusanya mafuta yote yale mahali pamoja? Na mtoto akitoka vipele, msihangaike na maji wala upepo. Tafuteni kwanza nyani mkubwa, mfungeni winda.

— Mmesikia?
— Tumesikia!
— Ngano yangu imechoka kutembea, naiacha ilale kwenu.
— Na ilale!