Kilo na Kilio

Dawa hupimwa kwa kilo, si kwa kilio. Mmemsikia muuguzi akilisema neno hili leo, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza limetoka wapi. Kaeni niwaambie, maana aliyelisema kwanza nilimfahamu, na siku ile hakuwa na kicheko.

Huko juu milimani Upare, Bibi Nakiete alikuwa akimlea mjukuu wake Namkunda, mtoto wa miaka minne. Bibi alikuwa na moyo mwema na ubishi usiokwisha. Alikuwa pia na duka lake la dawa, yaani kopo la majani ya chai lililojaa mabaki ya vidonge vya kila aliyewahi kuugua nyumbani mwake. Kipimo chake kilikuwa masikio. Mtoto akilia kidogo, nusu kidonge. Akilia sana, kizima. Watoto wengi hupona hata wakiachwa, lakini yeye sifa zote alizipeleka kwa kopo.

Siku moja mama yake Namkunda alikuwa ameshuka mjini Same. Mtoto akapanda magunia ya tangawizi kwenye banda la jirani yao Mbonea, akateleza, akaangukia mkono. Bibi alipofika, mkono ulikuwa umepinda juu kidogo ya kiganja na umeanza kuvimba. Namkunda alipiga mayowe yaliyomkata Bibi maini.

Mbonea alimpigia simu Sista Apaisaria, muuguzi wa zahanati ya bondeni. Sista akasema barabara imemeguka kwa mvua, gari la wagonjwa litazunguka, si chini ya saa mbili. Mkono usinyooshwe, usichuliwe. Ufungwe kwa kanga jinsi ulivyo, uegemee kifua. Wakaufunga. Mayowe yakazidi.

Bibi alikwenda mbio nyumbani, akarudi na kopo. Alikuwa na chupa ya parasetamoli ya maji, aliyopewa mtoto mwezi uliopita. Akaiweka kando.

"Hii ni ya homa. Mfupa una homa gani?" alisema.

Akachagua vidonge vya marehemu mumewe, vile alivyopewa alipopasuliwa nyonga. Vilikuwa vikali, mzee mzima akimeza kimoja alilala mpaka kesho yake. Bibi aliponda viwili kwenye kijiko, akatia sukari. Kila yowe alilisikia kama lawama.

Simu ilikuwa ingali wazi, mkononi mwa Mbonea, ikikwaruza.

"Bibi, ana kilo ngapi?" aliuliza Sista.

"Kilio? Kilio kikubwa, mwanangu! Husikii?"

"Nataka namba, Bibi!"

"Hakina hata namba! Nimempondea viwili vya babu yake, sasa hivi anatulia."

Kijiko kilikuwa kimeshagusa mdomo wa Namkunda.

"Viwili vya nini? Mbonea, nisomee pakiti!"

Mbonea alisoma jina, herufi kwa herufi. Sauti ikatoka kwenye simu, kali mno.

"Mwondolee kijiko! Mwondolee upesi! Hiyo ni ya mtu mzima. Itamlaza mpaka asahau kupumua!"

Mbonea alikipiga kijiko, unga ukamwagika chini. Bibi akafoka huku machozi yakimtoka.

"Sasa nimwache afe kwa maumivu?"

"Hapana, Bibi. Dawa atapata. Lakini nimekuuliza kilo, sikukuuliza kilio. Anayelia anapumua. Mpimeni."

Mizani ya tangawizi ilikuwa pale pale. Bibi alimpakata mtoto, akapanda: sabini na mbili. Mbonea akampokea mtoto, Bibi akapanda peke yake: hamsini na sita.

"Kumi na sita," alisema Mbonea.

Sista aliwataka wamsomee ile chupa ya maji, nguvu yake na tarehe yake, kisha akawaambia kiasi cha kumpa kwa kijiko chake chenyewe. Ile ile ya homa! Bibi alimnywesha, akaketi. Nusu saa iliyofuata ndiyo iliyomzeesha. Mtoto alikuwa bado analia, na mara mbili mkono wa Bibi ulinyooka kuelekea kopo. Mara mbili Mbonea alitikisa kichwa. Hatimaye mayowe yakawa kwikwi, na kwikwi zikapungua. Gari lilipofika, Namkunda alikuwa akiuliza kama mkono utakatwa.

Haukukatwa. Hospitali waliufunga plasta, mtoto akalala. Bibi aliketi kando, kiganja juu ya kifua kile kidogo, akihesabu pumzi. Pumzi moja ilipochelewa, au alipodhani imechelewa, aliingiwa na hofu, akamtikisa. Namkunda akaamka na kuangua kilio cha hasira, wodi nzima ikageuka. Bibi alikumbatia kilio kile, akakiona kitamu kuliko wimbo.

Ndipo mama mtu akaingia, ametota kwa mvua.

"Mama! Kumbe analia hivi! Hukumwongezea dawa?"

Bibi Nakiete, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubali kosa, alipangusa uso kwa kanga.

"Mwache alie, mwanangu," alisema. "Dawa hupimwa kwa kilo, si kwa kilio."