Daftari Lisilo na Kosa

Mtu mmoja wa milima ya Upare alikuwa na shamba la tangawizi, na binti aliyeitwa Nakunda. Huko mjini kulikuwa na chuo cha biashara, na mlango wa chuo hicho ulikuwa mtihani mmoja. Waombaji walikuwa maelfu, viti arobaini. Tena mtu aliruhusiwa kuufanya mtihani huo mara moja tu maishani.

Nakunda alikitaka kiti kimoja kwa moyo wake wote. Tangu utotoni aliwaona madalali wakipanda mlimani, wakijipangia bei ya tangawizi ya baba yake, kisha wakiteremka nayo wakicheka. Alitaka kujua wanachokijua wao.

Baba akampa mwaka mzima wa kujiandaa. Akamwondolea jembe, akamtengenezea meza dirishani, akamnunulia kitabu cha maswali, daftari nene, penseli na raba. Hakuwa baba mkali. Hakumpiga wala kumtukana. Ila alikuwa na desturi moja. Kila jioni akitoka shambani alinawa mikono, akafungua daftari, na alipoona jibu lenye kosa alisema kwa upole kabisa, "Futa, mwanangu. Kosa halilali nyumba hii." Nakunda alifuta, akanakili jibu sahihi kutoka nyuma ya kitabu, na baba akaridhika.

Ikawa hivyo mwaka mzima. Daftari likajaa, safi kurasa zote, hata Nakunda mwenyewe hakukumbuka tena ni wapi aliwahi kushindwa. Majirani wakaja kuliona. Wakalipapasa, wakasema huyu keshapita, na kanisani wakaanza kumwita Mkurugenzi. Nakunda alicheka nao huku akiogopa. Hofu hiyo hakuna aliyeiuliza habari zake.

Siku ya mtihani ikafika. Maswali yalikuwa sitini. La kwanza alilijua, la pili alilijua, la tatu hakulijua. Wenzake waliliruka wakaenda zao mbele. Nakunda aliandika, akaona silo, akafuta. Akaandika tena, akafuta tena. Kuliacha kosa nyuma yake na kwenda swali la nne ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja, na sasa hakujua linafanywaje. Alifuta mpaka karatasi ikatoboka. Kengele ilipolia, maswali hamsini na saba yalikuwa hayajaguswa. Aliyatupia macho karatasi zikikusanywa, na maskini, mengi aliyajua.

Baba alikuwa akimsubiri getini, amevaa koti lake la harusi. Nakunda akamwambia, "Baba, sikujua kama mtu anaweza kukosea akaendelea."

Walirudi mlimani, na njiani baba aliwaza sana, kwa maana alimpenda mtoto wake. Alipofika nyumbani alikuwa ameshaamua kwamba binti yake ana moyo mwepesi, basi.

Nakunda akarudi kwenye jembe. Madalali waliendelea kupanda na kuteremka. Mwaka ule ule baba akamwita binti wa pili, Navoneiwa, akamkalisha kwenye meza ile ile, akamnunulia daftari jipya. Nakunda akiwa shambani alimwona mdogo wake dirishani, ameinamisha kichwa, mkono ukifuta. Akaweka jembe chini. Alitaka kwenda kumwambia kitu, na alikijua vizuri kitu hicho. Lakini aliogopa kukisema vibaya, akaliokota jembe, akanyamaza.

Nanyi mliojaliwa watoto, semeni kweli mbele za Mungu: ni lini mara ya mwisho mwanenu aliwaletea kosa lake kwa hiari yake mwenyewe?