Kwa Nini Marehemu Husemewa na Watu Watatu

Kaeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa. Mmeuliza kwa nini huku milimani kwetu mtu akifa husemewa na watu watatu, na kwa nini hao watatu hugombana mpaka chakula kinapoa. Nitawaambia, ila asinikatize mtu, maana habari yenyewe ni ya kukatizana.

Zamani zile haikuwa hivi. Zamani, aliyetangulia kufungua kinywa matangani ndiye aliyekuwa na ukweli. Akishasema marehemu alikuwa nani na alikufaje, imekwisha, hakuna wa kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo mtu alipokata roho, majirani walikimbia. Mwenye miguu myepesi ndiye aliyejua kila kitu, na wazee wenye magoti mabovu walifika wakakuta ukweli umeshagawiwa.

Ndipo akafa Mrutu, mlinzi wa ndiva. Ndiva ni bwawa la udongo ambalo wazee wetu walilijenga juu ya mashamba ili maji yakusanyike usiku, na asubuhi yateremke kwenye mifereji kwa zamu. Ukutani mwake kuna tundu, na tundu huzibwa kwa gogo lililofungwa kamba. Kazi ya mlinzi ni kuzibua na kuziba, na mvua kubwa ikinyesha huko juu, azibue mapema ili maji yasielemee ukuta. Alasiri moja mvua ilinyesha, gogo halikutoka, ukuta ukabomoka. Shamba la chini lote likafukiwa na tope, na Mrutu akaokotwa humo akiwa maiti.

Wa kwanza kufika matangani alikuwa Kiangi. Huyu alikuwa mtu wa kukumbuka. Alijua mwaka wa nzige na mwaka wa ndui, na nani alimwoa nani na kwa mbuzi wa rangi gani. Akasimama, akasema, "Mchana Mrutu alikunywa pombe ya dengelua. Alasiri ndiva ilibomoka. Tulimkuta chini, amekufa." Akaketi.

Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Lakini watu waliyaunganisha maneno yale wenyewe, na kabla kaburi halijakauka kila mtu alijua kwamba Mrutu alilewa, akalala, akaua ndiva. Na sheria ya kijiji ilikuwa wazi: nyumba ya mlinzi mzembe hunyimwa zamu ya maji. Mjane wake, Namkunda, alikuwa na watoto wanne na mahindi yaliyofika magotini. Bila maji, yale mahindi yasingefika popote.

Namkunda akaenda kwa Mzee Mghamba, mkuu wa kijiji. Mzee akamsikiliza, akasema, "Mwanangu, neno la kwanza limeshasemwa. Lakini ndiva haijajengwa upya, na zamu hazijapangwa. Ukileta ukweli mwingine kabla maji hayajafunguliwa, nitausikiliza."

Basi mama wa watu akaanza kuutafuta ukweli kama mtu atafutaye mbuzi aliyekatika kamba.

Alianza kwa Senkoro, ambaye watu walisema ana akili kuliko wote kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwelewa. Alimkuta anamenya magimbi. "Shikamoo baba. Nataka kujua mume wangu alikufaje."

"Marahaba. Unataka kujua," Senkoro akasema, akaweka kisu chini. "Na ukishajua, utajuaje kwamba umejua?"

"Utaniambia wewe."

"Mimi nikikuambia, utakuwa umejua, au utakuwa umeniamini?"

Aliondoka pale magimbi yameiva, na alichopata ni maswali na kipande kimoja cha gimbi.

Akaenda kwa Nakijwa, mtunzi wa nyimbo na hadithi, mwanamke mwenye sauti ya kutoa mtu nyumbani. Nakijwa alimkumbatia, akalia naye, kisha akamwimbia. Wimbo ulisema kwamba joka la majini liliinuka ndani ya ndiva, na Mrutu akapigana nalo toka jua la utosi hadi magharibi, mpaka wote wawili wakaanguka na ukuta. Ulikuwa wimbo mzuri mno. Namkunda aliusikiliza machozi yakimtoka, na ulipokwisha akauliza, "Dada, joka liko wapi?"

"Joka gani?"

"Lililokufa na mume wangu. Tope lote la shambani limechotwa. Mbona hatukuliona?"

Nakijwa akajifuta machozi. "Lakini shoga, si alikufa kishujaa?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe!"

Akarudi kwa Kiangi, naye Kiangi akarudia yale yale matatu, neno kwa neno, kama mtu anayetwanga kinu kitupu. Hapo subira ya Namkunda ikakatika. Alimshika Kiangi mkono, hakumwachia, akapita naye kwa Nakijwa, akapita kwa Senkoro, akawaburuta wote watatu hadi kwenye ndiva iliyobomoka. Akawaketisha ndani, kwenye tope. Yeye akasimama kwenye pengo la ukuta na jembe mkononi.

"Nimewazunguka kama kichaa," akasema. "Mmoja ana mambo hana maana yake. Mmoja ana maswali hana mambo. Mmoja ana machozi hana hata jani la ushahidi. Kila mmoja anajiona ameukamata ukweli, na watoto wangu watalala njaa. Hamtoki humu mpaka mnipe mume wangu."

Walianza kwa kugombana, bila shaka. Kiangi alisema nyimbo ni uongo. Nakijwa alisema Kiangi hajui tofauti ya mtu na kisiki. Senkoro aliuliza uongo ni nini, na nusura jembe limshukie.

"Muulize yeye!" Namkunda akafoka. "Maswali yako yote muulize yeye, si mimi!"

Senkoro akamgeukia Kiangi. "Ulisema mlimkuta chini. Mlimkutaje?"

"Kifudifudi. Kamba ya gogo imezungushwa kifundoni mwa mkono wake, na kupigwa fundo."

Namkunda akateremsha jembe. "Kamba? Mbona hukusema matangani?"

"Sikuulizwa," Kiangi akajibu, na kweli alishangaa. "Nilisema alikufa. Kamba si kifo."

Nakijwa akainuka bila kuambiwa. Akaenda pale lilipokuwa tundu, akajifanya anazungusha kamba mkononi, akakanyaga ukuta kwa miguu miwili, akavuta. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. "Mtu aliyelala asingejifunga," akasema polepole. "Kamba yenye maji huteleza. Anayejifunga ni yule anayeona gogo limekwama na ukuta unatikisika, naye hataki mkono wake umsaliti akaachia."

"Basi hakulala!" Namkunda akasema.

"Alilala," Kiangi akasema. "Mkeka ulikuwa umetandikwa kibandani, na kibuyu kitupu pembeni. Nilikunywa naye, nikamwacha anakoroma."

"Mvua ilikuwa imeanza?" Senkoro akauliza.

"Huko juu, ndiyo. Ilikuwa inanguruma."

Nakijwa akafungua mdomo. Namkunda akamwonyesha jembe. "Usilete joka."

"Sileti. Nilitaka kusema aliamka amechelewa, na alijua amechelewa."

Namkunda akaketi kwenye tope. Mzembe wa Kiangi hakuwa mumewe, wala shujaa wa wimbo ule. Lakini huyu aliyelala wakati wa kazi, kisha akazinduka na kujifunga kwenye kosa lake na kukataa kuliachia, huyu alimjua. Huyu alikuwa ameishi naye. Alimkasirikia upya, palepale, kama angali hai, na ndani ya hasira hiyo akalia kilio ambacho hakuwa amelia tangu mazishi.

"Huyo ndiye," akasema. "Huyo ndiye Mrutu."

Mzee Mghamba aliyasikiliza yote, akaamua nyumba ile ipewe maji, ila msimu ule iwe zamu ya mwisho, kwa ajili ya usingizi. Namkunda hakubisha. Mahindi yalichelewa, yakazaa.

Tokea hapo mbio za matanga zikakoma. Mtu akifa huku kwetu, huitwa anayekumbuka, anayeuliza na anayetunga, nao huketishwa chini pamoja. Hugombana, naam, na wali hupoa, na wageni huchoka. Lakini mfiwa hukaa mbele yao, na hawaruhusiwi kuinuka mpaka aseme, "Huyo ndiye." Wapo wafiwa waliolisema neno hilo kabla ya jua kuzama. Wapo waliochukua msimu mzima, na tukawangoja.