Michi Mitatu Kisimani

Fungeni mlango kwanza, ndipo nianze.

Mashavu alikuwa anatwanga mtama wakati jirani yake Nyamvula alipokuja mbio, anatweta. "Mama Mbodze, acha kutwanga! Zimwi liko kisimani. Limemmeza mwanao!"

Zimwi hilo lilimvizia kila mwanamke peke yake, likala mavuno yake. Ndiyo maana kijiji kilishinda njaa. Mashavu akanyakua kapu la mtama ili akamkomboe mtoto.

"Ukilipa, kesho litakuja kwangu," Nyamvula akasema. "Beba mchi, shoga. Tumpitie jirani Saumu, naye abebe wake."

Walilikuta limejilaza, tumbo kama kilima. "Njooni mmoja mmoja!" likanguruma.

"Tumechoka kuja mmoja mmoja," Saumu akajibu.

Wakalitwanga tumbo kwa kupokezana, kama watwangao kinu kimoja. Kwa pigo la kwanza likatapika mtama wa mwaka jana. Kwa la pili, mbuzi wa Saumu. La tatu Mashavu alipiga amefumba macho, akatoka Mbodze, ameloa chepechepe, analia. Zimwi likanywea, likatambaa vichakani.

Jioni wakasonga ugali wa mtama uleule wa kapuni, wakapakua. Mashavu akawahesabu watoto wa nyumba zote tatu, wote walikuwapo. Akahesabu tena. Michi ikakaa mlangoni, maana huko vichakani kitu kilikuwa bado kinapumua.