Mafundi Wawili Walionuniana

Wapendwa, palikuwa na ndugu wawili, mafundi wa magari, tumbo moja. Walikuwa wamenuniana kwa ajili ya mpaka wa shamba. Mama yao alikuwa mgonjwa wa figo, na gari lao ndilo lililokuwa likimpeleka mjini kusafishwa damu. Siku ya kwenda, cheni ya taimingi, ile inayozungusha giya za injini kwa pamoja, ikakutwa imelegea. Ikabidi ibadilishwe kwanza.

Waliowahi kukaa gereji wanajua. Mmoja anashika giya ya juu ya injini, mwingine anazungusha ya chini, na alama za giya zote mbili lazima zikae mahali pake. Kwa hiyo wanaambiana kila hatua. Hawa wangeambiana vipi?

Mama akaletewa kigoda, akakaa katikati.

"Mama, mwambie mwanao azungushe kidogo," alisema mkubwa.

"Umesikia, baba? Kidogo."

"Mwambie mimi si kiziwi," alijibu mdogo.

Mama akacheka. "Nimezaa mafundi, sasa nimekuwa simu yao."

Lakini pumzi zilimwishia, akaingia ndani kujilaza. Hapo mdogo akahisi cheni imeruka meno ya giya. Akafungua mdomo, kisha akaufunga. Mkubwa naye akaona alama ya juu imehama. Akangoja mwenzake aanze kusema. Mwishowe wakafunika injini.

Wakampakia mama, na gari likawaka likitetemeka. Kwenye mlima likazima, na halikuwaka tena.

"Wanangu, kuna nini?" mama aliuliza kutoka kiti cha nyuma, akihema.

Kila mmoja akatazama dirisha lake. Gari jingine lilipopatikana, mama alikuwa ameshakata roho.

Walipomaliza kuzika, mdogo akasema, "Kaka, niliona cheni imeruka."

Mkubwa akajibu, "Na mimi niliona."

Wapendwa, tuwahukumu? Ni nani kati yetu hajamwambia mtoto, "Kamwambie baba yako chakula kiko tayari," na baba yuko hapo hapo, anasikia? Tunalala nyumba moja, tunaimba kwaya moja, tunaona kabisa jambo linaharibika, na tunanyamaza ili mwenzetu awe wa kwanza kunyenyekea. Na anayeumia ni yule aliyekaa katikati yetu, anayetupenda sote.

Nawaomba, kwa upole kabisa. Yupo mtu unayezungumza naye kwa kupitia mtu mwingine. Leo nenda mwenyewe, umwite kwa jina lake.