Mpiga Mbiu Aliyevunja Kiapo

Paukwa!

Pakawa!

Aa, nani huyo anayepiga miayo mbele yangu? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeamka. Njoo hadithi, ukae nasi.

Hapo zamani za kale Simba alikuwa mfalme wa nyika, na mpiga mbiu wake alikuwa Perere, mnyama mdogo wa manyoya, hana makuu. Neno la mfalme likishakatwa, Perere hupuliza pembe ya nyati, kisha hulitangaza. Ndiyo desturi ya nchi ile: neno lisilopigiwa mbiu ni umbea tu.

Mwaka mmoja nyama ikawa haba. Simba akaita baraza la siri, yeye na Fisi na Chui. Perere naye alikuwamo, maana lazima asikie la kutangaza. Kwanza wakamwapisha: ya barazani yabaki barazani, ukiyatoa huna kichwa.

"Tangaza watoto wote kesho waende Bonde la Majani, mfalme kawatengea malisho," Simba akamwambia. "Sisi tutawangojea huko tuwale. Umesikia?"

"Nimesikia, bwana mkubwa."

Alisikia, masikini. Akatangaza kama alivyoagizwa. Akina mama wakapiga vigelegele!

Perere akamwendea Swala, rafiki yake. "Dada, usipeleke watoto. Wataliwa."

"Mbona hilo halikupigiwa mbiu?"

Akamwendea Ngiri. "Shemeji, usipeleke watoto. Wataliwa."

"Limepigiwa mbiu? Halikupigiwa. Basi ni umbea, shemeji."

Akamwendea Pundamilia. Huyo hata hakumwacha amalize. "Hebu nitolee umbea wako hapa!"

Perere akaketi chini akalia. Kulipokucha, watoto wakashika njia wakiimba. Perere akaitazama ile pembe. Alijua wazi: akiipuliza bila amri, amekwisha. Akapanda juu ya mwamba, akapuliza. Puu! Puu! Puuu!

"Enyi wazazi! Neno la jana ni mtego! Watoto wanakwenda kuliwa!"

Weee! Nyika nzima ikatimua mbio. Bondeni wakamkuta Fisi kichakani, mate yanamchuruzika, na Chui kando yake. Kila mzazi akamkwapua wake. Hakupotea hata mmoja.

Simba akanguruma, "Msaliti! Nileteeni Perere!"

Perere alikuwa keshajificha ndani ya tundu la mti mrefu. Wanyama wakaulizwa mmoja mmoja. Wote waliujua mti ule, na wote wakasema, "Hatujamwona, bwana mkubwa."

Basi akaishi humo, hana kazi, hana jua, jamaa zake wanaogopa kumtembelea. Swala tu ndiye aliyekuwa akipita, akijifanya anakula majani.

"Kaka Perere, unajuta?"

"Najuta kukosa jua, dada. Harusi ya binti yangu nayo imenipita, hilo linaniuma sana." Akachungulia nje. "Wanao wazima?"

"Wazima. Wamenizidi kimo."

"Basi nitakaa."

Wanangu, funzo ndilo hilo: kiapo cha kuficha mauaji hakimfungi mtu. Na aliyekuokoa, usimtaje alipo.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni niitafune mwenyewe.