Macho Manane Mlangoni kwa Nyamizi

Paukwa?
Pakawa.
Nyumba yangu ina madirisha manane.
Na anayechungulia ni mmoja.
Basi sogeeni karibu na moto, mnisikilize.

Hapo kale, katika ufa wa jiwe kubwa mlimani, uliishi ukoo wa buibui warukao. Mkubwa wao alikuwa bibi mmoja, Nyamizi, mtunza hesabu ya macho. Hesabu hiyo alirithishwa na mama yake: mbele manne, na kati ya hayo mawili ya katikati ni makubwa kama taa, nyuma yake mawili madogo kama ufuta, nyuma kabisa mawili ya kumwona anayekufuata.

“Miguu minane kila buibui anayo,” mama yake alimwambia. “Macho haya ni yetu sisi.”

Nyamizi alikuwa na binti, Kabula. Akiwa mchanga, Kabula alipanda ncha ya jani, akatoa uzi ili apeperuke kidogo, kama wafanyavyo watoto wa buibui. Upepo ukamchukua moja kwa moja. Misimu mitatu Nyamizi hakuziba mlango wa ufa, akimngoja.

Siku moja habari ikaja kwamba siafu wanapanda mlima. Wakiingia mahali hawabakizi hata yai. Masele, shemeji yake, akataka mlango uzibwe mara moja. Nyamizi akaomba wangoje mpaka jua liguse jiwe la magharibi.

Mara hodi.
“Ya nani?”
“Ya damu yenu.”
“Damu haina sura. Sogea kwenye mwanga.”

Akasogea mmoja mnene, mwenye manyoya, miguu minane kamili. Watoto wakashangilia. Masele akasema Kabula ameshiba huko ugenini. Nyamizi akatazama macho. Yote manane yalikuwa yamerundikana juu ya kinundu kimoja, kama watu wanaoota moto. Akasema huyu ni buibui, ila si wa kwao, akavuta mlango. Nje meno yakasikika yakisagana.

Mara hodi.
“Ya nani?”
“Ya damu yenu.”
“Damu haina sura. Sogea kwenye mwanga.”

Akasogea mmoja mwembamba, mweusi, kiuno kama uzi, anapunga vipapasio viwili. Nyamizi akahesabu miguu: sita. Akatafuta macho: hakuna hata moja. Alikuwa mpelelezi wa siafu. Mlango ukavutwa.

Mara hodi.
“Ya nani?”
“Ya damu yenu.”
“Damu haina sura. Sogea kwenye mwanga.”

Akasogea mmoja mwembamba, mweusi, kiuno kama uzi, anapunga vipapasio viwili.

Masele akacheka. “Shemeji, huyu ni ndugu wa yule. Au leo tunawakaribisha siafu kwa kuwa wanajua kupiga hodi?”

Jua lilikuwa limeshaligusa jiwe. Nyamizi alikuwa ameushika mlango.

“Shusha hivyo unavyopunga,” akasema.

Vikashuka, vikakanyaga jiwe. Kumbe ilikuwa miguu. Sita na miwili, minane.

“Nitazame.”

Mgeni akamtazama. Mbele manne. Nyuma mawili kama ufuta. Nyuma kabisa mawili. Na ndani ya yale makubwa, weusi ukageuka polepole, kijani kikapita kama mwezi nyuma ya wingu. Nyamizi akajiona humo mara mbili, mdogo kama punje ya mtama, na nyuma yake ukoo mzima umesimama.

“Nilikulia kando ya sisimizi, mama,” Kabula akasema. “Anayetembea kama wao haliwi.”

Akaingia. Mlango ukazibwa. Siafu wakapita juu yake kama mvua isiyo na maji, wakaenda zao.

Asubuhi Masele alionekana peke yake, akijifunza kutembea kwa miguu sita huku miwili akiipunga hewani.

Malezi hubadili umbo na mwendo. Alama ya ukoo hubaki. Kwa hiyo usimcheke mtu kabla hujamtazama vizuri.

Uzi wangu umeishia hapa, mwenye wake aunganishe. Nawe ukimwona buibui ukutani, kabla hujavua kiatu, mhesabu macho. Yeye keshayahesabu yako, akakuta mawili tu, akakuhurumia.